Maradhi ya Dobi Mbele ya Baraza

Palikuwa na sultani mmoja, Badawi jina lake, aliyetaka kuyajua matumbo ya watu wake kuliko alivyoyajua mashamba yake. Siku moja akatoa amri: kila anayekula kwa kazi ya jumba lake aje barazani, ataje maradhi yake kwa sauti, watu wote wasikie. Mwenye maradhi makubwa afungashe virago. "Jumba langu si nyumba ya wagonjwa," alisema.

Mimi Faki ndimi niliyekuwa dobi wa jumba hilo. Msinitazame hivyo. Najua dobi mnayemtaka ninyi ni mtu wa kifua kipana na mikono ya kupiga nguo jiweni. Mimi nguo ndizo zilizokuwa zikinipiga. Kanzu moja ya waziri ikilowa ilikuwa nzito kunishinda. Nikiinyanyua, mpita njia hajui nani anamwanika mwenzake. Ni maradhi hayo. Jina lake nalijua mimi, tabibu, na mke wangu Mize, naye nilimwambia kwa kuwa analala karibu mno kufichwa. Ninyi hamtaambiwa, kaeni mkijua. Lakini kazi nilikuwa naimaliza. Nafua mashuka mawili, nakaa. Nafua mawili, nakaa. Kufikia alasiri nguo zote zimeanikwa, na mimi nimelala chini ya kamba, watu wanadhani ni nguo iliyodondoka upepo ulipovuma. Miaka kumi na tisa, hakuna aliyekosa kanzu yake ya Ijumaa.

Siku ya kwanza ya amri aliitwa Bi Kazija, mpishi. Mwanamke mkweli yule. Akasema ana uvimbe kifuani na tabibu anamtibu. Sultani alikuwa ameshiba pilau ya mkono wake mchana huo huo, hata vidole vilikuwa bado vinanukia bizari. Akamfukuza. Bi Kazija akatoka na mwiko wake mkononi, na baraza nzima ikatazama chini, mimi nikiwa wa kwanza. Iliniuma sana. Lakini sikumtetea, maana ushujaa wangu nao ni mgonjwa.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Nikifukuzwa, dawa nitanunua kwa fedha gani? Na nani atamchukua dobi anayefua kwa vituo? Asubuhi Mize akanifanyisha mazoezi ya kuwa mzima.

"Simama wima. Sema: mimi mzima, sina neno."

Nikasimama, nikasema.

"Mume wangu, mzima gani anasema hana neno huku ameshikilia mlango?"

Nikauachia mlango. Nikakaa chini.

"Basi," akasema Mize, "uongo huuwezi. Kajaribu adabu."

Nikaenda barazani na adabu yangu. Wazee wamekaa, waziri kasimama, Sultani yuko juu ya kiti.

"Dobi!" akaita Sultani. "Unaumwa nini?"

"Bwana, kuna nguo yako iliyochelewa?"

"Hakuna."

"Kuna doa lililobaki?"

"Hakuna! Nimekuuliza maradhi, sikukuuliza kazi."

"Ndiyo nami nashangaa, Bwana. Kazi ndiyo unayonilipia, na hiyo huiulizi."

Wazee wakakohoa. Sultani akakunja uso. "Amri ni amri. Kila anayekula kwa jumba hili ataje!"

"Nitataja, Bwana. Ila mimi ni mtu wa adabu. Hapa barazani nani huanza kunywa kahawa?"

"Mimi."

"Nani huanza kukaa?"

"Mimi."

"Na katika jumba hili nani hula kuliko sote?"

Sultani akaanza kuona anakovutwa, lakini waziri akawahi kujibu, kwa kujipendekeza: "Bwana wetu, bila shaka!"

"Basi mimi dobi nitamtanguliaje? Bwana ataje yake kwanza, mimi nitafuata."

"Mimi sina maradhi!" Sultani akaruka kitini. "Mimi mzima! Tangu nizaliwe sijaumwa hata jino!"

"Alhamdulillahi," nikasema. "Lakini hapo Bwana umenitia wasiwasi."

"Wasiwasi gani?"

"Kila Jumatatu nafua mashuka ya kitanda chako. Ninayoyaona humo nilidhani ni mambo yako, nikanyamaza, maana ndiyo kazi ya dobi. Kumbe wewe mzima! Basi yuko mgonjwa anayeingia chumbani mwako na kulala kitandani pako, na amri imempita. Huyo lazima atafutwe. Niyataje niliyoyaona, wazee hawa wamtambue?"

Waziri akasogea mbele ili asikie vizuri. Sultani akamtazama, waziri akarudi nyuma.

"Waziri," akasema Sultani, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "amri hii aliitunga nani?"

"Wewe, Bwana."

"Imefutwa. Mtu aulizwe kazi yake. Maradhi yake ni yake na tabibu wake. Na Bi Kazija aitwe, arudi jikoni leo hii. Akitaka kwenda kwa tabibu, aende, na mtu asimfuatefuate kwa maswali."

Wazee wakainuka mmoja mmoja, kila mtu kashika kiuno chake. Mimi nilikuwa bado natafuta ukuta wa kuegemea pale Sultani aliponiita kwa kidole. Akainama mpaka sikioni pangu.

"Faki," akanong'ona, "yale mashuka..."

"Mashuka gani, Bwana?"