Ndege Mpya za Jenerali Kitwana

Jenerali Kitwana aliingia kambini asubuhi, akamwamuru fundi, Sajini Mwanakombo, aikatekate ndege kuukuu ya doria kabla ya adhuhuri.

"Bahari tutailinda na nini, afande?"

"Na ndege mpya."

"Zimefika?"

"Zimeshaagizwa, kwa hiyo zimefika!"

Mwanakombo alimletea fomu ya kupokea ndege mpya, na jenerali akatia saini kwa mbwembwe. Kisha sajini akaweka kiti kitupu katikati ya uwanja wa ndege, pale ndege mpya ilipopaswa kuwa, akamkabidhi kofia ya rubani.

"Hii nini?"

"Anayezipokea ndiye anayeruka doria ya kwanza, afande. Imeandikwa juu ya saini yako. Makao makuu nimeshawaarifu, wanasubiri kukuona angani."

Jenerali alikitazama kiti, akamrudishia sajini kofia.

"Sajini, ile kuukuu bado inaruka?"

"Inaruka, afande, mradi haijakatwa."