Kawa Juu ya Ndoo Tupu

"Ndoo iliyofunikwa hupitwa na boza." Ndivyo bibi yenu alivyomwambia Salehe leo asubuhi, alipomkuta anatetemeka kwa homa huku anasema hajambo. Sasa mnaniuliza maneno hayo kayatoa wapi. Kaeni basi. Na wewe Zuhura weka hiyo simu, haya yanamhusu mama yako.

Mwaka ule mvua zilikuja na hasira. Mto ukalizoa bomba kubwa, mtaa mzima ukifungua koki inakohoa upepo tu. Mimi nilikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, na barabara imekatika. Nilikuja kuhadithiwa, tena na kila mtu, maana hakuna asiyekijua kisa hiki.

Watu wa maji, Mungu awape heri, hawakututupa. Walipitisha gari la kipaza sauti: kila asubuhi boza, lile lori la tangi, litaleta maji ya bure, wekeni ndoo mlangoni, nyumba yenye mgonjwa, kikongwe au mzazi iseme, iongezewe.

Sasa mama yangu, Bi Hidaya, alikuwa mtu wa heshima zake. Hata chumvi hajawahi kuomba kwa jirani. Na kwao walimlea kwamba ndoo tupu ikikaa mlangoni asubuhi ni nuksi. Ndani yumo bibi yenu Mwanaidi, ametoka kujifungua, yuko kwenye arobaini, hakanyagi nje. Mama akafanyaje? Akazipanga ndoo barazani, kisha kila moja akaifunika kawa. Kawa zile zile za kufunikia wali! Watu wasione patupu.

Boza likaja. Dereva wake Shemdoe, mtu wa maneno mengi yule, akaona kawa, akajua humo mmejaa.

"Hongera bibi! Wenzio wanalia, wewe umejaza mpaka umefunika!"

"Alhamdulillahi," mama akajibu. Nyie! Angejibuje tena? Boza likapita.

Kesho yake vilevile. Ndani yamebaki maji ya kikombe. Uji hakuna, maziwa ya mzazi yanakauka, mtoto analia mpaka sauti imekuwa ya kipaka.

"Mama, mwambie tuna mzazi," Mwanaidi akasema.

"Niombe maji barabarani, mimi? Kesho atasimama mwenyewe."

Hiyo kesho boza likapita tena. Mwanaidi kusikia injini inaondoka, akajitanda kanga, akakamata mwiko, akatoka. Mzazi wa arobaini, barazani! Akaitupa kawa huko, akaipindua ndoo, akaitwanga matako kwa ule mwiko: du! du! du!

Boza likafunga breki. Shemdoe akashuka, macho yamemtoka.

"Kumbe tupu! Bibi, si ulisema alhamdulillahi?"

"Nilimshukuru Mungu," mama akasema. "Sikukwambia nina maji."

Basi mtaa ukacheka, mama naye kicheko kikamponyoka. Ndipo Shemdoe akasikia kile kilio cha ndani.

"Mna kichanga humu? Bibi, fungu la mzazi nalizungusha kila siku, narudi nalo sina wa kumpa!"

Akajaza ndoo, pipa, masufuria, mpaka birika. Madumu akayabeba mwenyewe hadi mlango wa uani. Na tangu siku hiyo mpaka bomba likatengemaa, honi ya kwanza ilikuwa yetu.

Mama akakaa kitako barazani, kawa mapajani, anafuta machozi. "Mkwe wangu," akasema, "umeniokolea mjukuu. Ndoo iliyofunikwa hupitwa na boza." Mtaa ukayadaka hapo hapo.

Zuhura, kichanga yule ndiye mama yako. Kila nikimwona namwombea Shemdoe, Mungu amrehemu, na nawashukuru wale waliomtuma. Mwiko nao upo jikoni, una ufa, bibi yenu hataki utupwe.

Nini, Salehe? Sema kwa sauti, babu yako masikio mazito.

"Kichwa kinaniuma, babu. Na koo. Tangu jana."

Haya! Mwanaidi, mletee mtoto maji, kisha twende zahanati. Amekwisha kufunua. Ndoo iliyofunikwa, wajukuu zangu, hupitwa na boza.