Kanga Nyekundu Kwenye Reli

Bisha! Nakupa ruhusa. Wenye vyeti vyao walibisha, wakaenda kuliona guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, lilivyopondwa likawa chapati, wakarudi wanakuna vichwa.

Pale kivuko cha reli cha Kwa Nyoni, mwaka juzi treni iligonga lori, siku ya gulio. Mwaka jana ikagonga trekta, siku ya gulio. Watu wakasema pana jini. Mwaka huu, gulio tena, guta likazima katikati ya reli. Dereva wake, kijana mtanashati kupita wote, alikuwa akimkimbiza mkewe Tabu zahanati, uchungu umemshika. Gurudumu likazama kwenye kokoto, guta likalala upande, mguu wa Tabu ukabanwa.

Watu watatu walikuwepo, na hakuna aliyepanga kuwepo.

Bi Chausiku, muuza karanga, ana masikio ya paa. Alikuwa anakwenda msibani, ndala ikamkatikia pale pale. Akainama kuifunga, sikio likanasa mvumo kwenye chuma cha reli.

"Nyamazeni! Treni inakuja, bado iko nyuma ya kona."

Sikitu ana miguu ya mbio na kinyongo kisichooza. Tabu, jirani yake, alimtumia kanga nyekundu iliyoandikwa NUNA UPASUKE, MIE NIMESHIBA. Siku hiyo Sikitu alikuwa anairudisha, amtupie usoni. Akamkuta amebanwa.

"Dada Sikitu, nisamehe!"

"Nyamaza, tutagombana ukishatoka!"

Akatimua mbio kuielekea treni, anapunga lile tusi hewani. Breki zikafungwa. Lakini treni si punda, ikazidi kuja, inasaga cheche.

Mponda, mbeba magogo, ana bega la nyati. Aliapa hatakanyaga tena njia ile, amegombana na mkwewe. Siku hiyo gulio likamzibia njia nyingine, akapita, mnyororo wa baiskeli yake ukafyatuka hapo hapo. Akaingiza bega chini ya guta, mishipa ikamtoka.

"Vuta mkeo, bwana! Acha kulia!"

Tabu akavutwa, wote wakabingirika majanini. Treni ikalisaga guta, ikasimama. Binti akazaliwa pale pale, akafungwa kanga ile ile.

Kwetu, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina lake mwenyewe. Jina moja tu.

"Bila sikio langu," akasema Bi Chausiku, "Sikitu angekimbia kwenda wapi?"

"Bila miguu yangu, Mponda angeinua nini? Vumbi?"

"Bila bega langu mngezika. Na Mponda hata binti anaitwa!"

Tabu naye, kitandani: "Kanga alinunua nani?"

Je, wewe ungeamua vipi?

Ngoja, usijibu kwa raha hivyo. Kuna kipande nimekibania. Yule dereva mtanashati ni mimi. Aliyekuwa analia ni mimi pia. Leo ndiyo siku ya saba, siku ya kutoa jina, mama yangu ameshika wembe wa kumnyolea mtoto, na wale watatu wako sebuleni, hawasemeshani. Nimefunga mlango: hatoki mtu bila jina kupatikana.

Haya, mbishi wangu. Nimwite nani mwanangu?