Aliye Karibu na Maji

Mtu mmoja, jina lake Mbonea, alikuwa na shamba pale mfereji wetu unapoanzia. Maji yalishuka kutoka mlimani, yakapita kwake kwanza, yakapita kwetu sote, yakaishia chini kabisa kwa mjane Nakiete. Desturi yetu ilikuwa hii: aliye karibu na maji humwagilia mwisho. Kila zamu Mbonea aliegemea jembe lake akayatazama maji yakipita, mahindi yake yamejikunja majani kwa kiu, mpaka Nakiete apige yowe kutoka chini kwamba maharage yake yameshiba. Hapo ndipo alipofungua kwake.

Ulipofika uchaguzi hatukuhangaika kutafuta mtu. Tulisema, huyu anajua kungoja, tukampeleka bungeni.

Mwanzoni alikuwa yule yule. Alikuja likizo, akavua viatu, akashika jembe. Lakini mara moja alikuja na wageni, na siku hiyo ilikuwa ya zamu. Nasi kwa heshima, au niseme ukweli, kwa kujipendekeza, maana nami nilikuwepo na mdomo wangu ulisema, tulimwambia, "Mheshimiwa, fungua kwako kwanza, una safari." Akakataa. Tukamsihi. Akatazama saa, akafungua.

Hakuiba. Maji yale tulimpa wenyewe, tena tukapiga makofi. Zamu iliyofuata hakuwepo, lakini kibarua wake alifungua kwanza, kwa kuwa ndivyo alivyomwona tajiri wake akifanya. Jirani wa pili naye akaona hana sababu ya kungoja, na wa tatu vilevile. Mwaka haukwisha, mfereji ukawa unamfikia Nakiete ukiwa tope tupu. Mara mbili alipanda kwenda kwa Mbonea, na mara mbili akaambiwa mheshimiwa yuko kikaoni. Maharage yake yalikauka yakiwa na maua. Akafunga mizigo, akahamia kwa dada yake, kule tambarare.

Miaka ikapita. Mbonea akashindwa kura, akarudi nyumbani. Siku ya zamu aliamka mapema, akaziba kwake, akaegemea jembe, akangoja lile yowe. Sisi huku chini tulikuwa tumejijengea milango ya saruji, tukayachukua maji yote. Jua likapanda, likashuka, wala yowe halikusikika. Akaufuata mfereji kwa miguu hadi mwisho wake, akakuta magugu. Inasemekana alilia pale.

Akamfuata Nakiete tambarare, akapiga magoti mbele yake, akamwomba arudi. Mama yule alikuwa anapukuchua mahindi. Alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kukusamehe nimekusamehe zamani, mwanangu," akasema. "Lakini nikirudi, nani atangoja?"

Mbonea akainuka, akajipangusa magoti. Alirudi peke yake, na mpaka leo kila zamu anaziba kwake na kusimama pale, mahindi yake yakinyauka, huku sisi tukimwagilia na kumcheka kidogo. Najua mnamlaumu. Hata mimi nilimlaumu kwa muda mrefu, mpaka nilipokumbuka makofi yetu. Basi niambieni, ndugu zangu: yeye aliyefungua siku moja ameshaziba, sisi tuliomsihi afungue, tutaziba lini?