Fundi Aliyegeukia Ukutani

Akina mama wenzangu, alikuwapo mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa barua karibu na stendi. Siku kompyuta yake ilipowekewa kufuli la kuzuia virusi, fundi alimwambia, "Mama, andika hapa neno lako la siri." Kisha akageukia ukutani, akatazama kalenda mpaka mama alipomaliza. Mama akaona ni maringo tu, akasahau.

Tangu hapo, kila virusi kwenye flashi ya mteja vilipojaribu kuingia, kompyuta ilisimama na kuuliza neno la siri. Mama anabonyeza "Hapana", huku akilalamika: "Huyu fundi kanifungia kompyuta yangu mwenyewe! Kwani mimi mpangaji humu?"

Asubuhi moja akaja binti asiyeona.

"Shikamoo, mama. Barua yangu ya kuomba chuo mwisho wake leo saa sita. Flashi hii ina programu ya kunisomea ninachoandika."

Mama akaichomeka. Kompyuta ikauliza neno la siri.

"Nikuandikie mimi, mwanangu?"

"Maisha yangu yote nimeandikiwa, mama. Hii naomba niandike mwenyewe."

Mama akampigia fundi. "We fundi! Nifungulie kompyuta, mtoto wa watu anachelewa!"

"Siwezi, mama. Neno silijui."

"Hulijui vipi, na wewe ndiye uliyefunga?"

"Si uliandika wewe? Mimi nilikuwa natazama kalenda."

Mama akageuka, akaitazama kalenda ukutani. Akakumbuka. Akaandika jina alilombembelezea kifungua mimba wake. Kompyuta ikakubali! Ikaanza kumsomea binti herufi kwa herufi, na saa tano na nusu barua ikatoka. Mama alipiga vigelegele mpaka wauza viatu wakaja kuchungulia.

Je, kosa lilikuwa la kufuli? Kufuli lilimlinda miezi yote. Ila alidhani ufunguo uko kwa mwingine, kumbe ni yeye wa kuchagua nani aingie.

Na sisi je? Tunazinung'unikia amri za Mungu kama watu waliofungiwa, kumbe kwa amri hizo ametulinda, na hiari akatuachia mikononi. Haleluya!

Lakini sisi tunaowafungia watoto wetu kwa upendo, ni nani kati yetu aliyewahi kuwapa ufunguo? Mama, endelea kufunga mlango. Ila leo ukifika nyumbani, geukia ukutani kidogo, mtoto naye aandike neno lake.