Brigedia Aliyeomba Mkewe Amtambue

Isome hii mpaka mwisho, kisha mtumie mwanamume mmoja ambaye akiingia nyumbani kwake watu wanasimama. Usimweleze kwa nini umemtumia. Akifika chini ataelewa mwenyewe.

Huko Mbinga, kwenye vilima vya kahawa, alirudi kustaafu brigedia mmoja wa jeshi, jina lake Ponsiano Hyera. Alianza akiwa kuruta asiye na buti za kumtosha. Vita vya Kagera vikamkuta luteni. Akapanda cheo kwa cheo mpaka ikafika mahali gari lake lilipigiwa saluti hata likiwa limebeba magunia ya mkaa tu.

Sitaki kumsengenya. Hakuwa mlevi. Hakumpiga mkewe, wala hakumletea mtoto wa nje. Watoto walisoma na nyumba ilikuwa na kila kitu. Ukimuuliza yeye, alikuwa mume mwema. Shida ni kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuulizwa zaidi yake.

Sasa sikiliza. Kambini, mkubwa akiingia kila mtu anasimama, na hakai mtu mpaka mkubwa aseme. Ndio utaratibu wao, na bila huo jeshi linageuka soko. Lakini Brigedia aliuchukua utaratibu huo akaja nao nyumbani, kama mtu anayerudi na begi lake. Honi ikilia getini, redio inazimwa. Akiingia, watoto wamejipanga ukutani.

"Jambo afande!"

"Jambo. Mguu pande."

Hapo ndipo wanapopumua. Majirani walidhani ni michezo ya baba na wanawe, wakacheka.

Mkewe, Apolinaria, tuliyezoea kumwita Mama Deo, alisimama pia. Alisimama kando ya meza ameshika jagi la maji ya kunawa, mume anakula. Watoto Brigedia alikumbuka kuwaruhusu. Mke alimsahau. Hakumsahau kwa ubaya. Mtu aliyeinamia sahani anaona nyama, haoni miguu ya aliyesimama. Akishiba ananawa, anaondoka, na mke anakwenda kula jikoni kilichobaki.

Mambo yakaenda hivyo toka wakiwa vijana mpaka wote wawili wakaota mvi.

Siku walipohamia Mbinga, Brigedia aliangalia vile vilima, akafurahi. "Sasa tutapumzika, Mama Deo."

"Ndiyo, afande," akajibu mkewe, akaenda kupanga vyombo.

Hawakupumzika sana. Mama Deo alianza kutia chumvi kwenye chai. Halafu akawachanganya wanawe majina. Halafu asubuhi moja alikutana na mumewe ukumbini, akamwangalia kwa adabu kama anavyoangaliwa mgeni.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba. Umemfuata nani?"

Brigedia alidhani ni utani. Kisha akakumbuka kwamba mkewe hajapata kumtania.

Daktari alisema ugonjwa huo wa kusahau hauna dawa. "Mwonyesheni vitu alivyovizoea. Wakati mwingine kumbukumbu hurudi kwa kitambo." Basi. Akaletwa dada yake Mama Deo, Bibi Eufrasia, aje amuuguze. Huyo bibi hakuogopa cheo cha mtu, kwa sababu alimwona Brigedia siku anakuja kuposa, amevaa suruali ya kuazima inayomwishia juu ya vifundo.

Brigedia akabaki na ombi moja. Kila Jumapili alipiga magoti akamwomba Mungu mkewe amtambue, japo mara moja tu. Alikuwa na neno la kumwambia, nalo ni asante. Maisha yao yote hakuwa amelitamka, alikuwa akiliweka kama mtu anayeweka shati la sikukuu. Sasa sikukuu imefika na mwenye kushukuriwa hamjui anayeshukuru.

Mchana hakuwa na la kufanya. Akavaa sweta kuukuu na mabuti ya mpira, akawa anapogoa mibuni iliyo mbele ya baraza. Mama Deo yuko barazani na ungo wake anachambua maharage. Akamwona, akadhani ni kibarua.

"Baba, unakata vibaya. Tawi hilo lilikuwa lizae."

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani mimi. Muombe mbuni."

Akacheka. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. Brigedia alisimama na mkasi wake mkononi kama aliyepigwa na kitu. Siku zote aliamini alioa mwanamke mkimya.

Ikawa kawaida. Yeye anakata, mke anapiga soga. Alimwuliza habari za nyumbani kwake.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Msumbufu?"

"Hapana. Hana maneno."

"Hana maneno, au hujamuuliza?"

Brigedia akakohoa. "Na mumeo yuko wapi, mama?"

"Yuko kazini. Mtu mkubwa sana yule. Siku akija utashangaa ninavyonyamaza."

"Ni mkali?"

Mama Deo alifikiri, akatoa jiwe moja kwenye maharage, akalitupa uani. "Si mkali. Ila miguu inaniuma."

Brigedia hakuelewa jibu hilo. Akaendelea kukata matawi.

Mwanamume mwingine angeridhika. Mke anacheka, anaongea, anakula vizuri. Yeye akaona wivu. Alimwonea wivu kibarua ambaye ni yeye mwenyewe! Akasema moyoni, nimekuwa mtu mbele ya maelfu, nitakufa nikiwa mpogoa kahawa mbele ya mke wangu?

Ndipo akapata wazo. Asubuhi moja alifungua sanduku akatoa sare yake ya sherehe. Akaipiga pasi mwenyewe. Akavaa medali zote, kofia, mkanda, na viatu vilivyong'aa mpaka ukijiangalia unajiona meno. Bibi Eufrasia akamkuta ukumbini.

"Shemeji! Kuna gwaride leo nisilolijua?"

"Daktari amesema tumwonyeshe kitu alichokizoea."

"Mwonyeshe uso wako."

"Uso wangu haujui."

"Na hilo kosa la nani, shemeji? Ulioa mke au uliandikisha kuruta?"

Brigedia akaweka kofia sawa, akatoka barazani kwa mwendo wake ule wa zamani. Visigino vikagonga sakafu.

Mama Deo aliinua macho.

Na akamtambua.

Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika sakafuni. Yule mama, ambaye siku hizo hata kuinuka kwenye kiti alishikwa mkono, aliruka kama msichana. Akaunganisha miguu. Akanyoosha mikono ubavuni, kidevu juu, macho mbele.

"Jambo afande! Redio nimezima, afande. Watoto wameoga. Chakula kinakuja sasa hivi."

Uso wote ule wa soga na vicheko ulikuwa umefungwa kama duka.

"Mama Deo," akasema Brigedia, "ni mimi."

"Ndiyo, afande."

"Nimekuja kukuambia..."

"Ndiyo, afande."

"Kaa basi, mke wangu."

Hakukaa. Neno hilo hakuwahi kulisikia kutoka kwake, hakujua lifanyiwe nini. Brigedia, kwa kuchanganyikiwa, akasema lile alilolijua. "Mguu pande."

Mama Deo akapeleka mguu mmoja pembeni, mikono nyuma, akaendelea kusimama. Na hapo ndipo Brigedia alipoiona miguu yake. Ilikuwa imevimba, ina mishipa iliyojisokota kama mizizi, na ilitetemeka, wala si kwa ugonjwa peke yake.

Bibi Eufrasia alikuwa mlangoni. "Si uliomba akutambue, shemeji? Haya. Amekutambua."

Brigedia aligeuka akaingia ndani. Alivua kofia, akavua koti na medali zake zikigongana, akaviacha kitandani. Akavaa sweta na mabuti ya mpira. Akatokea mlango wa nyuma, akazunguka kwenye mibuni, akaja mbele ya baraza. Mkewe alikuwa bado amesimama, dada yake anambembeleza akae, hasikii.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Shh! Milele amina. Punguza sauti, baba. Afande yuko ndani."

"Ameondoka. Nimepishana naye. Ameitwa kambini."

"Kweli?"

"Kweli. Ameacha salamu zako. Amesema ukae."

Mama Deo aliangalia mlango, akamwangalia kibarua. "Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa kinywa chake. Amesema pia asante. Kwa chakula, kwa watoto, kwa siku zote ulizosimama. Amesema alichelewa kuona."

"Afande kasema asante?" Mama Deo akashusha mabega taratibu. Akashika mkono wa kiti, akakaa. "Basi anaumwa yule. Mungu amsaidie."

Bibi Eufrasia alitaka kucheka, ikashindikana, akainama kuokota maharage.

"Na wewe kaa, baba," Mama Deo akasema, akigonga ngazi ya baraza kwa kiganja. "Umesimama kama askari."

Brigedia akakaa kwenye ngazi, miguuni kwa mkewe. Akaipakata ile miguu iliyovimba, akaikanda, na Mama Deo akamwacha, akamsimulia habari za mbuni alioukata vibaya.

Sare hakuivaa tena, wala jina lake hakumwambia tena. Mama Deo alifariki msimu wa kuchuma. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza jambo moja: "Yule baba wa kahawa amekula?" Afande hakumuulizia.

Msibani walikuja wakubwa kwa wadogo, wa jeshi na wa kijiji. Brigedia alipotokea mlangoni, uwanja mzima ukasimama. Alisimama akawatazama, machozi yanamtoka mbele za watu.

"Kaeni, jamani," akasema. "Nawaomba. Kaeni."

Bibi Eufrasia peke yake hakuwa amesimama. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akampa nafasi.

Funzo: Wewe unayesimamiwa nyumbani kwako, mwambie mwenzako akae, na umwambie asante, leo hii angali anajua ni nani anayemwambia.