Chungu cha Pimbi na Fungu la Kumi

Paukwa!

Pakawa!

Walioshiba waitike!

Hakuna!

Wenye njaa waitike!

Tupo!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyelalia mkono, usinisinzilie.

Hapo kale palikuwa na Pimbi, yatima, mdogo wa umbo. Mama yake alimwachia chungu kimoja cha udongo. Ndani hakikuwa na kitu, lakini kilikuwa kimepikiwa mafuta ya mbuzi miaka mingi, na harufu ilibaki humo. Kila jioni Pimbi alifunua kifuniko, akanusa, akasema, "Mama." Kisha akafunika upesi, harufu isije ikaisha. Alimwonea mama yake hamu kubwa.

Mama ndiye aliyemsimulia habari za fungu la kumi. Ibrahimu alimpa kuhani Melkizedeki sehemu ya kumi ya nyara zake kwa shukrani, ametoka vitani salama. Yakobo mjukuu wake alikuwa amekimbia kwao, amelala porini, kichwa juu ya jiwe. Akamwambia Mungu, ukinirudisha nyumbani kwa baba yangu, katika vyote utakavyonipa nitakutolea sehemu ya kumi.

"Unaona, mwanangu?" mama alisema. "Huyu alitoa ahadi kwa hamu ya kwao."

Basi kijijini kwa kina Pimbi, kila mwaka mbuzi walipitishwa langoni chini ya fimbo. Korongo aliishika fimbo, akahesabu. Wa kumi, awe mnono awe amekonda, alikuwa wa Bwana, na habadilishwi. Nyama iliwekwa ghalani, ikaliwa pale langoni na yatima, wajane na wageni. Pimbi alikumbuka mama akimmegea.

Fisi alipopewa ufunguo wa ghala, karamu ikakoma.

Yatima wakaja. "Mzee Fisi, tuna njaa."

"Nakula kwa niaba yenu."

Wajane wakaja. "Mzee Fisi, hatujashiba."

"Nashiba kwa niaba yenu."

Mjane mmoja akaomba abadilishiwe mbuzi wake wa pekee wa maziwa, aliyeangukia kuwa wa kumi. Fisi akacheka, hii-hii-hii! "Wa kumi habadilishwi, mama."

Siku ya fimbo ikafika. Pimbi alikoka moto upande wa ndani wa lango. Akakikumbatia chungu chake muda mrefu, maana alijua moto ukiitoa ile harufu, hairudi tena. Akalia. Kisha akakiteleka.

Mbuzi wakapita, tapu, tapu, tapu. Korongo akahesabu. Fisi alikuwa nyuma yao, mate chururu.

"Wa tisa!" akaita Korongo.

Pimbi akafunua kifuniko. Fuuu! Harufu ikatoka yote. Fisi akamruka mbuzi aliyefuata, akapita chini ya fimbo, akatumbukiza kichwa chunguni. Kwap! Kikakwama.

"Wa kumi!"

"Nani wa kumi?" Fisi akauliza humo chunguni.

"Wewe," Pimbi akamjibu.

"Mimi si mbuzi! Nibadilisheni!"

Wajane wakaitikia kwa pamoja, "Wa kumi habadilishwi, baba!"

Fisi akagonga kichwa kwenye nguzo ya lango, ko! ko! pwaa! Chungu kikavunjika. Pimbi akamvua ufunguo shingoni. Tangu siku ile Fisi akawa mali ya Bwana, kazi yake kuwaandalia yatima, na yeye anakula wote wakishashiba.

Jioni ile watu walikula mpaka wakalegea. Pimbi naye alimegewa kipande kinono, akala, akashiba. Kisha akaokota kigae kimoja, akakinusa. Kilinuka moshi tu.

Funzo, watoto, ni hili: ukiwa mlafi, jipange wa tisa. Na ukiwa na chungu cha mama yako, usikitoe, hata kwa wenye njaa. Pimbi angenisikiliza mimi, angekuwa nacho mpaka leo, anakinusa, peke yake, na njaa yake.

Hadithi yangu nimeifikisha langoni. Mwenye njaa asiondoke, tule.